Bega Lililoteguka: Kurudishwa Mahali Pake Bado Si Kupona

Bega likishateguka na kurudishwa, watu wengi huona shughuli imekwisha. Maumivu makali yamekatika palepale kitandani, mkono umetundikwa shingoni kwa khanga, ndugu wamepumua. Wiki mbili tatu baadaye khanga inavuliwa, na mwenye bega anafanya moja kati ya mawili. Ama anarudi kazini siku ileile kwa kuwa hasikii tena maumivu, ama anaukumbatia mkono kifuani miezi mizima akiogopa usije ukachomoka. Wa kwanza, bega humtoka mara ya pili. Wa pili, bega humkauka. Wote wawili hawakuelezwa ni kitu gani hasa kinacholishika bega lisitoke, na mimi naamini kwamba mtu akilielewa hilo tu, nusu ya mazoezi yake ameshayajua.

Hapa Tanga mabega huteguka kwa njia zinazojulikana. Mji huu ni wa baiskeli tangu zamani, na siku hizi ni wa bodaboda vilevile. Mtu akirushwa, mkono hutangulia chini kukiokoa kichwa, na uzito wote wa mwili humjia begani. Kule Deep Sea na Sahare sababu ni bahari: mtu amesimama kwenye mashua, mkono ameuinua kushika kamba, wimbi linasukuma chombo mbele na mkono unabaki nyuma. Mkao huo, mkono umeinuka usawa wa sikio na kiganja kimetazama mbele, ndio mkao wa hatari kuliko yote kwa bega. Uweke akilini, maana mpangilio mzima wa mazoezi unauzunguka.

Kinacholishika bega

Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya tundu la nyonga, ndiyo maana nyonga haiteguki ila kwa ajali kubwa. Bega halikuumbwa hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na kinachokipokea kwenye kombe la mkono, yaani ule mfupa bapa wa mgongoni, ni kisahani kidogo ambacho hakina kina. Chukua chungwa uliegemeze kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa kilichosimamishwa wima: bega liko hivyo. Kwa ajili hiyo mkono unaweza kufika mgongoni, kichwani na pembeni kote, na kwa ajili hiyohiyo unaweza kutoka.

Chungwa hilo linashikwa na nini, basi? Kisahani kimezungushiwa ukingo wa gegedu unaokiongezea kina. Kiungo chote kimevikwa mfuko wenye ligamenti, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, ambazo hukaza mkono unapofika mwisho wa safari yake. Na juu ya mfuko huo imelala misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukishika kichwa cha mfupa mbele, juu na nyuma. Misuli hiyo ni midogo na huioni mtu anapovua shati. Ule mkubwa wa begani, ambao vijana wa gym wanaupenda, kazi yake ni kuinua mkono. Hii minne kazi yake ni kukikandamiza kichwa kwenye kisahani muda wote mkono unapotembea.

Katika mabega 100 yanayoteguka, zaidi ya 90 kichwa hutokea mbele. Kikitoka, kinabandua ukingo wa gegedu wa mbele na chini na kuunyoosha mfuko kupita kiasi. Daktari wa Uingereza, Arthur Bankart, alieleza mwaka 1923 kwamba kubanduka huko ndiko kunakofanya bega litoketoke, na hadi leo jeraha hilo linaitwa kwa jina lake. Bega likirudishwa, kichwa kimerudi, lakini ukingo bado umebanduka na mfuko bado umelegea. Mara nyingine ukingo hushika tena, mara nyingine hushika mahali pasipo pake.

Hakuna zoezi la kukaza ligamenti iliyonyooka, wala la kugandisha gegedu. Misuli ndiyo inayofundishika. Kwa hiyo mtu anayefanya mazoezi ya bega anaiongezea misuli minne kazi ambayo zamani iligawanywa kati yao na ukingo na mfuko. Misuli haiipokei kazi hiyo kwa wiki mbili.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika hata hospitalini kwenye foleni ndefu. Mkono ukiinuka hadi juu kabisa, nyuzi 180, kiungo chenyewe cha bega kinatoa takriban 120. Zile 60 zinatolewa na kombe la mkono linapoteleza na kuzunguka juu ya mbavu. Kombe likizembea, kisahani hakiko mahali kichwa kinapokitarajia. Mwangalie kwa nyuma mtu aliyeumia bega anapojaribu kuinua mkono: kombe la upande wa jeraha hupanda mapema kuelekea sikioni, shingo inajikunja, na mkono wenyewe umefika usawa wa kifua tu. Anadhani anainua mkono, kumbe anainua kombe. Kumrekebisha hapo ni kazi ya macho ya mtu mwingine au ya kioo, kwa sababu yeye mwenyewe hasikii tofauti.

Siku za mwanzo

Lisilo na mjadala ni hili: bega lililotoka lirudishwe hospitalini, na lipigwe picha ya eksirei kabla na baada. Sisemi hivi kwa kuwadharau wazee wetu wanaounga mifupa, wapo wenye mikono ya hekima. Lakini kwa macho hakuna awezaye kujua kama kuna mfupa uliovunjika pamoja na kuteguka, na bega lililovunjika likivutwa na wanaume watatu linaweza kukata mshipa wa damu wa kwapani. Kukaa nalo nyumbani nako kuna bei yake. Likipita wiki tatu nje ya mahali pake, kulirudisha bila upasuaji huwa kugumu mno. Walioteguka kwa degedege la kifafa au kwa kupigwa na umeme wamwambie daktari chanzo hicho, maana bega lao huweza kutokea nyuma, na picha moja ya mbele inaweza isionyeshe kitu.

Gusa pia ngozi ya nje ya mkono, pale chanjo zinapochomwa. Pakiwa na ganzi, mshipa wa fahamu unaoinua mkono umeguswa. Mara nyingi hurudi wenyewe kwa wiki au miezi, ila ni lazima daktari ajue tangu siku ya kwanza.

Kisha khanga shingoni, wiki moja hadi tatu. Kuzidisha hapo hakuzuii bega kutoka tena kwa kiasi ambacho watu wanafikiri, na kwa mtu aliyevuka miaka 40 kunaleta balaa lingine: mfuko unajikunja na kushikana, bega linaganda. Wenye kisukari wako karibu zaidi na balaa hilo. Kwa watu wa umri huo wiki moja mara nyingi inatosha.

Mkono ukiwa shingoni haulali. Vidole vinakunjwa na kukunjuliwa, kifundo kinazungushwa, kiwiko kinanyooshwa mara kadhaa kwa siku, tangu siku ya kwanza. Usiku lala chali, mto mdogo chini ya kiwiko ili mkono usidondokee nyuma. Kuvaa, iwe shati, kanzu au baibui, mkono mgonjwa unaingia kwanza. Kuvua, unatoka mwisho. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wanaumia bega upya chooni wakipambana na fulana.

Mazoezi, kwa zamu zake

Zoezi la kwanza ni la kuning'iniza. Shika ukingo wa meza kwa mkono mzima, inama mpaka mgongo ukaribie kulala, uache mkono mgonjwa uning'inie wima. Halafu yumba kwa kiuno na magoti. Mkono ufuate wenyewe, mbele na nyuma, kisha kwa duara lisilozidi sahani ya wali. Wengi hukosea hapa kwa kuuzungusha mkono kwa nguvu za bega. Ukiona msuli wa begani umekaza, hujaning'iniza. Dakika moja au mbili, mara tatu au nne kwa siku. Zoezi hili linahusishwa na daktari wa Boston, Ernest Codman, tangu miaka ya 1930, na halijapata mrithi, kwa kuwa uzito wa mkono wenyewe unakiachanisha kiungo kidogo na kukipa nafasi ya kutembea bila misuli kubishana.

Pamoja na hilo, misuli inaamshwa bila kiungo kusogea. Simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa na kugusa mbavu, sukuma ukuta kwa ngumi kuelekea ndani, halafu geuka usukume kuelekea nje, halafu mbele, halafu nyuma kwa kiwiko. Theluthi tu ya nguvu zako, ukihesabu hadi saba, kisha legeza. Haya yasiume. Yakiuma, punguza nguvu mpaka yasiume.

Kisha mkono mzima unausaidia mgonjwa. Lala chali, shika mpini wa fagio kwa mikono yote miwili, mkono mzima uuinue mwenzake taratibu kuelekea kichwani. Au simama mbele ya ukuta na upandishe vidole, kidole kwa kidole, uweke alama ya mkaa pale ulipofika ili kesho uione. Mpaka hapa kuna mpaka mmoja usiovukwa: kwa wiki sita za mwanzo, mkono usiinuliwe pembeni huku unageuzwa nje. Ule mkao wa mashua. Jeraha la mbele linaunganishwa na nyuzi changa, na mkao huo ndio unaozivuta. Hata kugeuza kiganja nje huku kiwiko kiko mbavuni kunaishia pale mtaalamu wa fiziotherapia aliposema.

Baada ya hapo inakuja zamu ndefu kuliko zote, ya kutia nguvu, na hapa Tanga hatukosi kifaa. Fundi yeyote wa baiskeli ana tyubu kuukuu. Kata kipande cha urefu wa mkono na nusu, kikague chote kwa kukivuta mbele ya mwanga, na kama kina nyufa kitupe, maana tyubu ikikatika hurudi usoni. Funga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, usawa wa kiwiko. Kunja taulo dogo, libane kati ya kiwiko na mbavu. Likidondoka utajua kiwiko kimetoroka. Simama ubavu wa mkono mgonjwa ukielekea dirishani, vuta mpira kuja tumboni, urudishe polepole. Geuka upande wa pili, vuta kwenda nje. Kurudisha polepole ndiko kwenye kazi zaidi, na ndiko watu wanakokuharakisha. Mara 10 hadi 15, pumzika, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana.

Wiki za mwanzo utaona nguvu zinaongezeka upesi. Hiyo ni fahamu inajifunza kuiita misuli kwa wakati. Misuli yenyewe bado haijanenepa, kunenepa kunataka wiki sita hadi nane na zaidi. Basi anayeacha wiki ya nne kwa kuwa anajisikia vizuri ameacha kabla nyama haijajengeka.

Kombe nalo lina zoezi lake. Kaa wima, vuta makombe mawili yakaribiane kisha yashuke, kana kwamba unayatia mifuko ya nyuma ya suruali. Baadaye sukuma ukuta kwa viganja viwili, kifua kikienda na kurudi, na mwishoni kiwiko kikinyooka ongeza msukumo kidogo ili makombe yafunguke. Toka ukutani uende mezani, toka mezani uende sakafuni, kila hatua wiki kadhaa.

Kuna lingine ambalo halionekani. Ule mfuko na ule ukingo vina ncha za fahamu zinazouambia ubongo mkono uko wapi hata gizani. Zikichanika, ubongo unapata habari kwa kuchelewa, na msuli ulioitwa kwa kuchelewa haukusaidii mashua inaporuka. Ndiyo sababu ya mazoezi yanayoonekana ya kitoto: kuviringisha mpira ukutani kwa kiganja, kufumba macho na kuupeleka mkono usawa wa bega kisha kufumbua kuona kama kweli umefika, kudaka mpira mwepesi. Msiyaruke.

Kazi za nyumbani na za pwani kama ngazi

Mazoezi ya hospitali yana mwisho, maisha hayana. Binafsi napenda kumpangia mtu kazi zake mwenyewe kutoka nyepesi hadi nzito, akapanda kwa kufuata jinsi mkono unavyokaa.

Kwa mvuvi, kushona nyavu na kupaa samaki ni za mapema, mikono iko karibu na mwili. Kupiga kasia ni ya katikati. Kuvuta nanga na kutweka tanga ni za miezi ya mbele. Ya mwisho kabisa ni kutupa kimia: wavu umebebwa begani, kiuno kimezunguka, mkono unafunguka pembeni na nyuma kabla ya kurusha. Ni mkao uleule uliolitoa bega, na sasa una uzito wa risasi za wavu na maji. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, mkono hauniumi hata kidogo, kesho naingia baharini." Nikamwomba asimame, auweke mkono kwenye mkao wa kutupa kimia, pole pole, bila wavu. Akafika katikati akasita, macho yakamtoka, akaushika mkono kwa mwenzake. Hakusikia maumivu. Alisikia kwamba bega linataka kuondoka. Hofu hiyo ya kiungo ni habari ya kweli, na anayeipata hayuko tayari, hata kama wiki zimetimia.

Kwa mama wa nyumbani, kukuna nazi kunawezekana mapema kuliko anavyodhani, kwa kuwa kiwiko kiko karibu na mbavu. Kufua kunafuata. Kuanika nguo kwenye kamba ya juu na kusuka nywele za mtoto ni kwa baadaye, na kujitwisha ndoo ni mwisho, maana kuipandisha kichwani ndiko kunakohitaji bega lote.

Kwa wanaoswali, sujudi nayo ina zamu yake. Kushuka chini kwa viganja ni uzito wa kifua juu ya mabega. Wiki za mwanzo swali umekaa, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Ukishaweza kusukuma ukuta kisha meza bila shida, unashuka sujudi ukianza na magoti, viganja vikifika vyepesi. Wazee wengi huniambia kwamba siku waliyosujudu sawasawa waliihesabu kuwa siku ya kupona kuliko neno la daktari yeyote, na nawaelewa.

Kwa makadirio, kazi nyepesi hurejea karibu na wiki ya sita, na kazi za kubeba, kurusha na kushika vitu juu ya kichwa hurejea mwezi wa tatu au wa nne. Kalenda ni mwongozo tu. Vipimo ni mkono kufika pande zote kama mwenzake, nguvu kukaribia sana za mwenzake, na ule mkao wa hatari kufikiwa bila kusita.

Kuhusu maumivu, kanuni ninayoitumia ni asubuhi ya pili. Kuvuta na kuchoka wakati wa zoezi ni halali. Maumivu yakiwa bado yapo kesho yake alfajiri, jana ulizidisha; rudi hatua moja, usiache kabisa. Bega likipata joto na kuvimba, ukapata homa, vidole vikawa baridi au ganzi ikaongezeka, hayo si ya mazoezi, nenda hospitali.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi shingoni na mgongoni kunaburudisha na sina neno nalo. Mtu kulivuta au kulinyonganyonga bega lililoganda kwa nguvu ni jambo jingine, linachana kilichoanza kushika.

Pale mazoezi yasipotosha

Umri una neno kubwa. Aliyeteguka akiwa chini ya miaka 20, hasa anayecheza mpira au kufanya kazi za mikono juu, ana uwezekano zaidi ya nusu wa kuteguka tena hata akijitahidi. Mazoezi yanampunguzia, hayamhakikishii. Aliyevuka 40 ni nadra kurudia, lakini yeye kinachomkabili ni kano za ile misuli minne, yaani kamba zinazoishikiza kwenye mfupa, kukatika wakati bega linatoka. Kama wiki tatu zimepita na bado hawezi kuinua mkono kwa nguvu zake, hata kidogo, asiambiwe avumilie na kuzidisha mazoezi. Anahitaji kupimwa kano, kwa picha za ultrasaundi au MRI, kwa sababu kano iliyokatika inashoneka vizuri zaidi mapema kuliko baada ya mwaka.

Bega lililotoka mara mbili na zaidi nalo linastahili maoni ya daktari wa mifupa. Kila likitoka, kisahani hupoteza mfupa kidogo pembeni na kichwa hupata bonde nyuma, mpaka siku moja linatoka mtu akijigeuza kitandani. Huku kwetu mlango wa kuanzia ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kesi zinazohitaji zaidi huelekezwa Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Upasuaji huurudisha ukingo mahali pake na kuukaza mfuko, na pale mfupa ulipopungua sana hupandikizwa kipande. Baada yake mkono unarudi shingoni kwa wiki kadhaa, halafu meza, mpini wa fagio, ukuta na tyubu vinaanza tena kwa zamu zilezile, isipokuwa mara hii mipaka ya kila zamu anaipanga daktari aliyeshona, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona ndani.